Nani Analipia Njaa ya Mnyoo?

Katika vijiji vya Waaymara na Waquechua vinavyolizunguka Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, mkulima hajiamulii peke yake mahali pa kupanda viazi. Palipobaki utaratibu wa zamani, ardhi ya kijiji imegawanywa katika kanda kubwa, mara nyingi saba, nane au hata kumi, na kila mwaka mkutano wa kijiji hufungua ukanda mmoja tu kwa viazi. Mwaka wa pili ukanda ule hupandwa oka, uluko au mashua, mazao ya chini ya ardhi yasiyo na undugu na kiazi. Wa tatu pengine shayiri au kinoa. Kisha ardhi hulazwa. Kondoo na llama huingizwa kulisha, samadi yao hubaki palepale, na kwa miaka minne, mitano au zaidi hakuna kiazi kinachogusa udongo huo. Utaratibu huo una majina kadhaa kulingana na mahali: laymi, aynoqa, muyuy.

Anayeshindishwa njaa kwa mpango huo ni mnyoo asiyeonekana kwa macho, wa jenasi ya Globodera, ambaye asili yake ni milima ileile ya Andes iliyozaa kiazi. Jike huingia ndani ya mzizi akiwa mchanga, hunenepa mpaka akatokeza nje, hujaa mayai, kisha hufa. Ngozi yake hukauka ikawa kifuko kigumu kisichozidi kichwa cha pini, na ndani yake mna mamia ya mayai. Kifuko hicho kinaweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi. Mengi ya mayai hayo hayaanguliwi kwa mvua wala kwa joto peke yake. Husubiri kemikali inayotolewa na mzizi wa kiazi au wa ndugu zake kama nyanya. Mzizi usipotokea, huendelea kulala, ila kila mwaka sehemu fulani huanguliwa bure au kuoza. Katika nchi za baridi wataalamu hukadiria kama theluthi moja kwa mwaka. Tukifuata kadirio hilo, mayai 100 yaliyokosa kiazi yatabaki 44 baada ya miaka miwili, na baada ya miaka saba yatabaki sita hivi. Kupumzisha shamba msimu mmoja au miwili, kama tunavyoshauriana mara kwa mara, hakumwumizi mnyoo wa aina hii kiasi cha kutosha.

Kuna hadithi inayozunguka katika vitabu kwamba dola ya Inka ilimhukumu kifo aliyerudia viazi kwenye shamba moja kabla ya miaka saba. Mimi siiamini sana, na wala haihitajiki. Mkutano wa kijiji unatosha. Wazee wale hawakuwahi kumwona mnyoo; wakiulizwa hutaja uchovu wa ardhi, baridi kali, malisho ya mifugo. Walichokuwa nacho ni mamlaka ya kuziambia kaya zote zisubiri pamoja, na ardhi ya kutosha kusubiria. Kwa kila shamba lenye viazi, mengine sita au saba yalikuwa hayana. Hiyo ndiyo bei waliyolipa, na waliilipa kwa pamoja. Kwa hiyo ninaposoma ushauri wa kilimo endelevu unaosema kwa kifupi tu "zungusha mazao", swali langu la kwanza huwa: ni nani atakayelipia njaa hiyo ya mnyoo, na kwa kitu gani? Maana karibu kila njia isiyotumia sumu, ukiichambua, ni namna ya kumnyima mnyoo chakula au kumdanganya aanguliwe pasipo na chakula, na kila namna ina mlipaji wake. Huko Andes kwenyewe, palipoongezeka watu na soko, mapumziko yamefupishwa, na minyoo wapo.

Ujerumani ilikutana na jambo hilohilo kupitia sukari. Viwanda vya sukari ya viazisukari vilienea katika karne ya 19, na kwa kuwa mzigo ule ni mzito, kila kiwanda kilitaka mashamba yawe karibu, yapandwe zao hilohilo mwaka baada ya mwaka. Mavuno yakaporomoka. Watu wakasema ardhi imechoka. Mwaka 1859 mtaalamu wa mimea Hermann Schacht aliona vifuko vyeupe kwenye mizizi, na mwaka 1871 mnyoo huyo akapewa jina la kisayansi kwa heshima yake, Heterodera schachtii. Mtu aliyelivalia njuga suala hilo alikuwa Julius Kühn, profesa wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Halle, na kinachonivutia kwake ni kwamba majibu mawili yaliyoigawa dunia baadaye yote yalipita katika mikono yake.

La kwanza lilikuwa sumu. Mwaka 1871 alijaribu kumwaga disalfaidi ya kaboni ardhini. Halikumfaa, akaligeukia la pili: mtego. Alipanda mimea ya jamii ya kabichi kwa msongamano, mizizi yake ikawaita minyoo wakaanguliwa na kuingia, kisha akaing'oa mimea yote kabla majike hayajakomaa. Mnyoo akiisha kuingia mzizini na kunenepa hawezi tena kutoka. Ni hila safi kabisa, lakini mkulima alipoteza msimu na vibarua kwa mimea ya kutupwa, tena akichelewa siku chache kuing'oa, amewafuga minyoo badala ya kuwaua. Mlipaji hapa alikuwa mwenye shamba peke yake, bila kijiji. Si ajabu kwamba karne iliyofuata ilichagua sumu.

Mwaka 1943 huko Hawaii, katika mashamba ya mananasi, ilionekana kwamba mchanganyiko wa bei nafuu uliotokana na mabaki ya viwanda vya mafuta, ulioitwa D-D, ukidungwa udongoni unafufua mavuno. Katika miaka ya 1950 ikafuata DBCP. Dawa hiyo ilipendwa kwa sababu ingeweza kutumiwa hata karibu na mimea iliyo hai, migomba ikiwemo. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kilichoitengeneza huko Lathrop, California, waligundua kwamba wengi wao hawazai. Marekani ikaanza kuizuia mwaka huohuo, ingawa mananasi ya Hawaii yaliachiwa kwa miaka mingine kadhaa. Katika mashamba ya ndizi ya Costa Rica na Nicaragua vibarua walikwisha kuishika, na kesi zao ziliendelea kwa miongo. Njaa ya mnyoo ililipiwa na wanaume ambao hawakumiliki hata mgomba mmoja. Bromidi ya methili, sumu nyingine ya udongo, nayo ilibainika kuharibu tabaka la ozoni. Iliingizwa katika Itifaki ya Montreal mwaka 1992, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2015 kuiacha isipokuwa kwa matumizi maalumu. Kenya ilikuwa ikiitumia katika kilimo cha maua, na mashamba makubwa yalihamia kwenye mvuke na kupanda juu ya vyombo visivyo na udongo. Mwenye mtaji ana njia nyingi za kuukwepa udongo wake.

Ulaya ilipata pia jibu la tatu, na hilo lilitoka Andes. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Ellenby alipima viazi vya Amerika Kusini vilivyohifadhiwa katika mkusanyo wa mbegu, akapata vilivyokinza mnyoo wa vifuko. Jeni hiyo, iitwayo H1, ikapandikizwa katika aina ya Maris Piper iliyotoka mwaka 1966, na Waingereza wanaikaanga mpaka leo. Mizizi yake huwaita minyoo wa Globodera rostochiensis waanguliwe, kisha huwanyima chakula: mtego wa Kühn, ila huu unavunwa na kuliwa. Kasoro yake ilijitokeza taratibu. Jeni ile haimzuii ndugu wa mnyoo huyo, Globodera pallida, naye akiwa amesafishiwa njia akawa ndiye anayetawala katika mashamba mengi ya Uingereza. Aina moja ya kiazi, ikipandwa bila kupumzika, huchagua ni mnyoo gani abaki.

Uholanzi kulitokea kisa kinachotuhusu zaidi. Wakulima wa vitunguu vya maua waliona kwamba mazao yanayofuata ua liitwalo Tagetes huwa na mizizi safi, na mwaka 1958 Uhlenbroek na Bijloo wakatoa katika mizizi yake kemikali iitwayo alfa-tertienili. Ndugu wa ua hilo, Tagetes minuta, ni gugu refu lenye harufu kali linalojulikana na kila mkulima wa Arusha na Nyandarua. Huko Peru huitwa huacatay na ni kiungo cha mchuzi. Kwetu limekuwa dawa ya kila kitu: panda mistari miwili kando ya nyanya, minyoo watakimbia. Hawakimbii. Kemikali hiyo hufanya kazi mzizi ukiwa hai na mnyoo akiwa ameufikia. Ili ifae, shamba lote lazima lijae Tagetes kwa miezi miwili au mitatu, bila nyanya wala gugu jingine la kumlisha mnyoo, na hata hapo huwapunguza minyoo wa aina fulani na kuwaacha wengine. Ushauri wa mistari miwili umependwa kwa sababu haumgharimu mtu chochote, na hilo peke yake lingepaswa kututia shaka.

India inalipa kwa vitu viwili ilivyo navyo tele: jua na mashudu. Katika tambarare za kaskazini, Mei na Juni kabla ya mvua za monsuni, shamba hulimwa kwa kina na kuachwa wazi. Udongo hugeuzwa, hukauka, na minyoo na mabuu ya wadudu hufa kwa joto na kwa ndege. Yaakov Katan na wenzake huko Israeli, mwaka 1976, walieleza namna ya kuongeza makali ya jua hilohilo kwa kutandika plastiki angavu juu ya udongo wenye unyevu. Mashudu ya mwarobaini, yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, huchanganywa na udongo; watafiti wa India, Singh na Sitaramaiah miongoni mwao, walionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba mashudu ya mbegu za mafuta hupunguza minyoo fundo, wale wanaoivimbisha mizizi kwa mafundo, kwenye bamia na nyanya. Mashudu yanapooza hutoa amonia inayoua minyoo, hulisha kuvu na bakteria wanaowawinda, na ya mwarobaini yana uchungu wake wa ziada. Lakini yanahitajika kwa magunia, si kwa viganja. India ina vinu vya kukamulia. Pwani yetu ina miarobaini kila ua, na mbegu zake huoza chini ya mti kwa kukosa kinu.

Mpunga nao husaidia, kwa kuwa maji yakisimama wiki nyingi minyoo fundo wengi hufa kwa kukosa hewa. Wengi, si wote: Meloidogyne graminicola amezoea mpunga wenyewe, na hustawi zaidi pale wakulima wanapopunguza maji ili kuyaokoa.

Kwa Kagera nitakaa zaidi, kwa sababu huko ndiko tulikokuwa na mfumo wetu wa kulipa. Kibanja cha Mhaya hakikupumzishwa. Migomba ilisimama palepale vizazi kwa vizazi, ikichanganywa na kahawa na maharage, jambo ambalo kwa kanuni ya Andes lingekuwa karamu ya milele kwa mnyoo. Na minyoo walikuwepo: Pratylenchus goodeyi katika miinuko ya baridi, Radopholus similis kwenye joto la chini. Pamoja nao fukusi, ambaye hutaga kwenye shina karibu na ardhi na mabuu yake hutoboa tunguu. Mgomba ulioshambuliwa huficha habari zake. Mizizi huoza chini kwa chini, majani yakiwa bado ya kijani, hadi mkungu unapokuwa mzito na upepo wa mvua ukavuma; hapo mgomba wote unang'oka na kulala na mkungu wake.

Kilichokizuia kibanja kisianguke kilitoka nje yake. Rweya, ile mbuga ya nyasi inayozunguka vijiji, ililisha ng'ombe mchana. Usiku walilala nyumbani na samadi yao ikaenda kwenye migomba. Nyasi za rweya zilikatwa zikatandazwa chini ya migomba mwaka hadi mwaka, udongo ukawa mweusi na wa kina. Hapa mnyoo hakushindishwa njaa. Mgomba ulilishwa kiasi kwamba uliweza kumlisha mgeni na bado ukazaa: mizizi mipya iliota upesi kuliko ile ya zamani ilivyooza, na udongo uliojaa viumbe ulikuwa na wawindaji wa minyoo pia. Hali ya namna hiyo imeonekana Mexico, ambako mwaka 1989 Zuckerman na wenzake waliripoti kwamba udongo wa chinampa, bustani za kale zilizoinuliwa katikati ya maji na kurutubishwa kwa matope na majani, huwazuia minyoo wa mimea kuliko udongo wa mashamba ya kawaida.

Mlipaji wa Kagera, basi, alikuwa rweya na ng'ombe. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwafyeka ng'ombe. Baadaye vibanja viligawanywa kwa warithi, rweya ikapandwa misonobari na mikaratusi, na nyasi zilizokuwa za kukata tu zikawa za kununua. Kudhoofika kwa migomba kulikoripotiwa katika karne ya 20 huelezwa mara nyingi kama ujio wa wadudu na minyoo. Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba wageni walikuwepo muda mrefu na aliyeondoka ni mlipaji. Hata matandazo, mkulima akiyapata leo, yana masharti: yakisogezwa hadi kwenye shina, fukusi hupata kivuli na unyevu anaoutaka, kwa hiyo huachwa nafasi kuzunguka mgomba.

Kwenye migomba hiyohiyo ndiko nilikoona ubunifu wa kisasa unaostahili sifa. Zamani ushauri ulikuwa kumenya tunguu la chipukizi na kulitumbukiza kwenye maji ya nyuzijoto 52 hadi 55 kwa dakika 20. Hilo lilihitaji pipa, kipimajoto, na mtu wa kuchunga moto asilegee, maana joto likizidi mche umepikwa na likipungua mnyoo yu hai. Watafiti barani Afrika walirahisisha: menya mpaka weupe uonekane, tumbukiza kwenye maji yanayochemka sekunde 30, toa. Kila jiko linajua maji yanayochemka. Hata hivyo mche safi ukirudishwa kwenye shimo la mgomba uliooza utavamiwa upya. Shimo hilo linahitaji mwaka au zaidi bila mgomba, na tunarudi kulekule kwenye swali la nani atakula nini mwaka huo.

Swali hilo ndilo lililoyakwamisha marejea. Katika miaka ya 1980 Padre Gerold Rupper wa abasia ya Wabenediktini ya Peramiho, karibu na Songea, aliyatangaza marejea, yaani Crotalaria ochroleuca, kama mbolea ya kijani inayorutubisha udongo na kuyazima magugu. Mmea huo una kazi nyingine: minyoo fundo huingia mizizini mwake na kushindwa kuzaana. Wakulima wa soya wa Brazil leo huupanda kwa maelfu ya hekta dhidi ya minyoo. Huu ni mmea wa Afrika, ukifanya kazi ya mshahara katika nchi ya mashamba makubwa, ambako hekta inaweza kuwekwa kando msimu mmoja bila mtu kulala na njaa. Mwenye ekari moja Ruvuma hana msimu wa kuweka kando. Lakini magharibi mwa Kenya majani ya mmea huohuo huitwa mitoo, huchumwa na kuuzwa sokoni kwa mafungu. Pale marejea hulipa kodi ya ardhi yanayoikalia.

Nyandarua inahitaji hasa mmea wa namna hiyo. Mwaka 2015 Globodera rostochiensis aliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza, katika kaunti hiyo ya viazi. Rwanda na Uganda zilifuata baada ya miaka michache. Mashamba ni ya nusu ekari au ekari moja, viazi hufuata viazi, na aina inayotawala ni Shangi, inayopendwa kwa kukomaa upesi na isiyomzuia mnyoo huyu. Kumwambia mwenye shamba hilo angoje miaka saba ni kumwambia ahame. Lakini mwaka 2019 utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu, hupunguza minyoo wa vifuko na minyoo fundo udongoni. Ni ndugu wa kiazi. Mizizi yake huwaita waanguliwe, kisha hawapati pa kuzaliana. Kühn angeufurahia, isipokuwa yeye aling'oa mtego wake na kuutupa, na mama wa Ol Kalou anauchuma kila wiki na kuupeleka sokoni. Ipo tahadhari moja: minavu haifanani, na aina iliyofaa katika jaribio si lazima iwe ndiyo inayojiotea kando ya zizi.

Njia nyingine ni karatasi. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, na wenzao wa North Carolina, Marekani, walifunga mbegu ya kiazi kwa karatasi nene ya nyuzi za mgomba, iliyotiwa dawa ya minyoo iitwayo abamektini, kidogo sana. Karatasi hunyonya kemikali za mizizi michanga, mnyoo asisikie mwito katika wiki zile za hatari, na hata isiyotiwa dawa ilisaidia. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa kwanza kwa viazi vikuu huko Benin. Bei yake na nani ataitengeneza kwa wingi bado ni mazungumzo.

Lakini mnavu na karatasi vyote viwili hushughulika na minyoo waliomo tayari. Wapya huja kwenye mbegu. Wakulima wengi hupanda mbegu waliyoweka wenyewe au waliyonunua kwa jirani, ikiwa na udongo wake kwenye gunia. Ulaya imeweka sheria: shamba la viazi vya mbegu hupimwa udongo kabla ya kupandwa, na likikutwa na vifuko halitoi mbegu. Kipimo hicho kina gharama. Akiachiwa mwenye nusu ekari atakipuuza, na atakuwa na sababu, kwa kuwa hasara ya kuuza mbegu chafu haimwangukii yeye bali mnunuzi wa bonde la pili. Kama kaunti zinazojivunia viazi zina fedha ya kutumia dhidi ya mnyoo huyu, ningeipeleka kwenye kipimo cha udongo wa wakuza mbegu kabla ya kununua lita moja ya dawa.